Kwa Nini Mafuta ya Hoima Yasafirishwe Yakiwa Moto

Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki limesanifiwa kuanzia Kabaale, wilayani Hoima nchini Uganda, hadi rasi ya Chongoleani karibu na mji wa Tanga. Urefu wake ni kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 ziko Tanzania. Mengi yamebishaniwa juu yake: fidia za mashamba, mikopo ya benki, hali ya hewa ya dunia. Mabishano hayo yana uzito wake na hayajaisha. Ila kuna jambo ambalo hutajwa kwa sentensi moja likapitwa, ilhali ndilo linalolitenga bomba hili na mengi mengine: mafuta yaliyomo sharti yabaki na joto la zaidi ya nyuzi 50 za selisiasi njia nzima. Chuma kimevikwa povu la plastiki la kuzuia joto lisipotee, kinafukiwa ardhini, na pamoja nacho zinapitishwa nyaya za umeme za kukipasha. Wajenzi wake hulitaja kuwa bomba refu kuliko yote duniani linalopashwa moto.

Mtu ana haki ya kushangaa. Bomba halipiti kwenye barafu. Linapita Kagera, Geita, Shinyanga, Singida, linashuka hadi pwani ambako hata Julai mtu hulala bila blanketi. Lakini mafuta haya ya Ziwa Albert huanza kukataa kumiminika joto likishuka karibu na nyuzi 40. Yakiachwa katika joto la kawaida la chumba huganda, na chombo ukikiinamisha hayatoki. Mafuta jirani ya Turkana, nchini Kenya, yana tabia hiyohiyo. Kenya iliposafirisha shehena yake ya kwanza kutoka Mombasa mnamo Agosti 2019, mafuta yalikuwa yameteremshwa kutoka Lokichar, huko Turkana, kwa malori yenye matangi maalumu ya kuhifadhi joto.

Jibu la haraka ni kwamba mafuta haya yana nta nyingi. Ni jibu sahihi, lakini linasogeza swali mbele tu. Nta ni kaboni na haidrojeni. Petroli nayo ni kaboni na haidrojeni, na gesi ya kupikia vilevile. Vitu vilivyoundwa kwa atomu zilezile vinawezaje kimoja kuwa hewa, cha pili maji, cha tatu mshumaa? Hapo ndipo umbo la molekuli linapoingia, na hasa umbo lile lililo rahisi kuliko yote: mnyororo wa atomu za kaboni usio na tawi hata moja.

Atomu ya kaboni hushika atomu nyingine kwa vifungo vinne, na inaweza kuvitumia kushika kaboni wenzake bila kikomo cha karibu. Wazo hilo lilitolewa mwaka 1858 na watu wawili, kila mmoja kivyake: August Kekulé, Mjerumani, na Archibald Scott Couper, kijana Mskoti aliyekuwa akifanya kazi Paris. Makala ya Couper ilicheleweshwa mikononi mwa mkuu wa maabara yake, Kekulé akatangulia kuchapisha, na sifa karibu yote ikaenda kwake. Ninamtaja Couper kwa sababu ndiye aliyechora vifungo kwa mistari kati ya atomu, na mchoro wowote wa mnyororo wa kaboni ambao mwanafunzi anauona leo kitabuni unafuata njia aliyoifungua.

Tukisema mnyororo mnyoofu hatumaanishi kwamba umenyooka kama rula. Vifungo vya kaboni hukutana kwa pembe inayokaribia digrii 110, kwa hiyo mnyororo huenda kwa kupindapinda, kushoto na kulia, kila hatua ikiwa na urefu wa nanomita 0.154. Tena unaweza kujikunja, kwa maana kila kifungo huzunguka. Unyoofu wake ni wa namna nyingine: hakuna kaboni iliyoshikana na kaboni zaidi ya mbili. Ukianza ncha moja utafika ncha ya pili bila kukuta njia panda.

Chukua mfano mdogo unaotosha kuonyesha kila kitu. Kaboni tano na haidrojeni kumi na mbili zinaweza kupangwa kwa namna tatu tu. Ya kwanza ni mnyororo mnyoofu wa kaboni tano, uitwao pentani. Ya pili ina mnyororo wa kaboni nne na tawi moja. Ya tatu ina kaboni moja katikati na nne zikiizunguka pande zote. Uzito wa molekuli ni uleule, idadi ya atomu ni ileile. Lakini pentani nyoofu huchemka kwenye nyuzi 36, ile ya tawi moja kwenye nyuzi 28 hivi, na ile ya tatu kwenye nyuzi 9.5. Adhuhuri ya Tanga, ya kwanza ingekuwa kimiminiko ndani ya chupa, na ya tatu ingekuwa imekwisha kuwa gesi.

Sababu iko katika jinsi molekuli zinavyogusana. Elektroni za molekuli hazitulii. Zinasogea huku na huku, na kila zinaposogea huzua mvutano mdogo kwa molekuli jirani. Mvutano huo ni dhaifu mno kuliko vifungo vya ndani, lakini hutokea kila mahali ambapo molekuli mbili zimekaribiana, kwa hiyo kadiri eneo la kugusana lilivyo kubwa ndivyo jumla yake inavyokua. Aliyewahi kuona korija ya boriti za mikoko ikipakiwa jahazini anaijua hali hii: boriti zilizopogolewa hulala ubavu kwa ubavu zikabanana, ilhali magogo yenye matawi huacha nafasi tupu hata uyapange vipi. Molekuli nyoofu zinalala kama boriti hizo. Yenye tawi inamsogeza jirani yake mbali, na umbali mdogo unatosha kuupunguza mvutano kwa kiasi kikubwa.

Kuhusu kuchemka, kanuni hii haina mzozo. Kuhusu kuganda kuna ugumu ambao vitabu vingi vya shule huuruka, na mimi naona si haki kuuruka. Ile pentani ya tatu, iliyoviringana, huganda kwenye nyuzi 17 hivi chini ya sifuri, wakati pentani nyoofu haigandi hadi nyuzi 130 chini ya sifuri. Yaani yenye matawi ndiyo inayoganda mapema! Umbo lake la mviringo kama mpira linalingana pande zote, hivyo linaingia katika safu za fuwele bila kuchagua upande wa kukalia. Kwa hiyo si kila tawi huchelewesha kuganda. Tawi moja au mawili yaliyokaa ovyo kwenye mnyororo mrefu huvuruga mpangilio. Matawi yaliyolingana kikamilifu kwenye molekuli fupi yanaweza kuusaidia. Katika mafuta ghafi, ambako minyororo ni mirefu na matawi hukaa popote, hali ya kwanza ndiyo inayotawala.

Sasa refusha mnyororo. Methani, yenye kaboni moja, huchemka kwenye nyuzi 162 chini ya sifuri. Mnyororo mnyoofu wa kaboni kumi na sita huyeyuka kwenye nyuzi 18, kwa hiyo Dar es Salaam ni kimiminiko. Ukifika kaboni ishirini unayeyuka karibu na nyuzi 37, yaani joto la mwili wa binadamu. Ukifika thelathini, nyuzi 66. Hiyo ndiyo nta ya mshumaa: mkusanyiko wa minyororo yenye kaboni kati ya ishirini na arobaini hivi, mingi yake ikiwa minyoofu. Kila mahali pa kugusana pana mvutano mdogo, lakini mnyororo wa kaboni thelathini una mahali pengi pa kugusana, na jumla yake inatosha kuishika molekuli isitoroke.

Ndani ya mafuta ya Hoima nta hiyo imeyeyuka ndani ya sehemu nyepesi zaidi, mradi joto lipo. Joto likishuka, minyororo mirefu hutangulia kujipanga, ikazaa vipande bapa vya fuwele. Vipande hivyo hukua, hushikana pembe kwa pembe, na kutengeneza wavu unaofungia ndani yake mafuta ambayo yenyewe bado ni majimaji. Haihitajiki nta nyingi. Asilimia chache tu zikishakuwa fuwele zinaweza kuzuia yote yasitembee. Ndiyo maana wahandisi hawaogopi tu mafuta kuwa mazito wakati yanapita. Wanaogopa zaidi siku pampu zitakaposimama. Mafuta yanayotembea huvunja wavu kabla haujashika. Yaliyosimama yakapoa huuacha ukamilike, na kuanza kuyasukuma tena kunahitaji msukumo mkubwa kuliko wa kawaida. Gharama ya joto, kwa hiyo, si ya kuanzisha mradi tu. Ni ya kila siku ambayo bomba litakuwa hai, na ni jambo ambalo raia wa nchi hizi mbili wana haki ya kulielewa kwa undani, si kuambiwa tu kwamba mafuta yetu ni ya nta.

Linabaki swali ambalo kwangu ndilo zuri kuliko yote. Imekuwaje minyororo minyoofu iwe mingi kiasi hicho? Mwanahisabati Mwingereza Arthur Cayley alijaribu katika miaka ya 1870 kuhesabu ni kwa namna ngapi kaboni zinaweza kupangwa bila kufanya duara. Hesabu zilizosahihishwa baadaye zinaonyesha kuwa kaboni kumi zina namna 75. Kaboni ishirini zina namna 366,319. Kaboni thelathini zinapita bilioni 4. Katika bilioni hizo zote mnyororo usio na tawi ni mmoja tu. Kama atomu zingekuwa zimeungana kwa bahati nasibu chini ya ardhi, mnyororo mnyoofu wa kaboni thelathini usingeonekana kamwe. Lakini upo, tena kwa tani nyingi.

Upo kwa sababu haukutokana na bahati. Ulijengwa na viumbe hai. Seli ya mmea, ya mwani au ya mnyama hutengeneza asidi za mafuta kwa kuongeza kaboni mbili kwa wakati, daima kwenye ncha ileile. Hakuna hatua inayoweka kipande ubavuni, kwa hiyo matokeo hayana tawi, na idadi ya kaboni huwa ya shufwa. Ndiyo sababu mafuta ya nazi yana zaidi asidi ya kaboni kumi na mbili, na mawese ya kumi na sita. Konrad Bloch na Feodor Lynen walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1964 kwa kazi iliyofafanua jinsi seli inavyojenga mafuta na kolesteroli kutoka vipande hivyo vya kaboni mbili.

Majani ya mimea yana nta juu yake inayoyazuia yasikauke. Mmea huitengeneza kwa kuchukua asidi ndefu ya kaboni za shufwa na kuiondolea kaboni moja, ndipo nta ya majani inakuwa na idadi ya witiri: 27, 29, 31. Wataalamu wa jiokemia wanapopima tope au mafuta wakakuta witiri zimezidi shufwa, wanajua kuwa majani ya nchi kavu yalichangia, na kuwa joto la ardhini halijapita kiasi cha kuifuta alama hiyo. Mwani wa maziwa ya kale nao uliacha minyororo yake mirefu. Bonde la Ufa limekuwa na maziwa yanayozaliwa na kufa kwa mamilioni ya miaka. Tope la chini ya maji hayo, lenye mwani na mabaki ya majani, likifunikwa na kupashwa joto na ardhi, hutoa mafuta ya namna hii. Mwenye nta ya Lokichar mkononi ameshika kazi ya seli, iliyodumu kwa sababu vifungo vya kaboni kwa kaboni havivunjiki upesi mahali pasipo na oksijeni.

Unyoofu huohuo una sura nyingine ndani ya injini. Fundi akisema injini inagonga, mara nyingi anamaanisha petroli imejilipua kwa mgandamizo kabla moto wa plagi haujaifikia. Mwaka 1926 mkemia Mmarekani Graham Edgar alipendekeza kupima tabia hiyo kwa haidrokaboni mbili. Heptani, mnyororo mnyoofu wa kaboni saba, inagonga vibaya, akaipa sifuri. Isooktani, yenye kaboni tano mfululizo na matawi matatu, inavumilia mgandamizo, akaipa mia. Heptani safi ilipatikana wakati huo kwenye utomvu wa msonobari wa California, jambo linalonifurahisha, kwa kuwa hapo napo unyoofu umetoka katika kiumbe hai.

Mnyororo mnyoofu hushindwa mapema kwa sababu haidrojeni zilizo katikati yake hung'oka kwa urahisi zaidi kuliko zile za kwenye ncha. Oksijeni ikishaingia mahali pa moja, molekuli hujikunja na kujishambulia yenyewe, vipande vikali vikaongezeka kwa kasi. Matawi yanazidisha ncha na kupunguza katikati. Kabla viwanda havijajua kuzalisha matawi kwa wingi, njia ya mkato ilikuwa kutia madini ya risasi, njia iliyogunduliwa na Thomas Midgley mwaka 1921, na risasi hiyo ikapulizwa hewani kwa miongo na kuingia damuni mwa watoto. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha hadi kufikia mwanzo wa 2006. Dizeli inataka kinyume: ijilipue upesi bila plagi, kwa hiyo kipimo chake kimewekwa juu ya mnyororo mnyoofu wa kaboni kumi na sita, na huo ndio uliopewa mia.

Lakini pahali ambapo tawi limewagharimu watu bila wao kutarajia ni katika sabuni. Miaka ya 1950 sabuni za unga za Ulaya na Marekani zilitengenezwa kwa mkia wa haidrokaboni wenye matawi mengi, kwa sababu malighafi yake ilikuwa rahisi. Zilisafisha vizuri. Baada ya kumwagwa, hata hivyo, hazikuoza. Mito ya Ujerumani ilifunikwa na povu, na mitambo ya kusafisha maji taka ikajaa povu juu ya mabwawa yake. Bakteria wa majini walikuwa wakila mafuta na sabuni za kawaida bila shida, lakini hizi hawakuziweza.

Kilichowashinda kilikuwa kimeelezwa tangu 1904. Franz Knoop aliwalisha mbwa asidi za mafuta zilizowekewa alama kwenye ncha, akachunguza mkojo wao, akaona kuwa mwili huzivunja kwa kukata kaboni mbili mbili, hatua kwa hatua. Ni ujenzi uleule ukirudi nyuma. Ili mkato ufanyike, kaboni iliyo mahali pa kukata lazima iwe na nafasi ya kupokea oksijeni. Ikiwa na matawi, nafasi hiyo imezibwa, na kimeng'enya kinasimama. Ujerumani Magharibi ilipitisha sheria mwaka 1961, ikaanza kutumika 1964. Viwanda vya Marekani vilibadilika kufikia 1965. Mkia ukawa mnyoofu, povu likaisha. Sabuni nyingi za unga zinazouzwa madukani mwetu leo zina mkia huo.

Ili kuupata, viwanda vilihitaji kuchambua minyororo minyoofu kutoka mafuta ya taa yenye kila umbo. Vikatumia madini yenye vinyweleo vya upana wa nusu nanomita. Molekuli nyoofu hupenya, yenye tawi hubaki nje. Kipimo ni umbo tu. Mmenyuko wowote wa kemikali hauhusiki.

Haya yote yanarudi Tanga kwa njia mbili. Ya kwanza ni dawa za kupunguza mgando. Zipo plastiki zenye minyororo ya pembeni inayofanana na nta. Zikiwekwa ndani ya mafuta hujiunga na fuwele zinapozaliwa, kisha sehemu yao isiyofanana nayo hutokeza na kuzuia jirani wa pili asilale sawa. Fuwele zinabaki ndogo na zilizotengana. Dawa hizo husaidia, hazimalizi tatizo, na ndiyo maana joto bado linahitajika.

Ya pili ni kumwagika. Mafuta yanapomwagika, bakteria hutangulia kula minyororo minyoofu na kuacha yenye matawi. Baada ya meli ya Exxon Valdez kupasuka Alaska mwaka 1989, wanasayansi walilinganisha mnyororo mnyoofu wa kaboni kumi na saba na ndugu yake wa matawi aitwaye pristani ili kujua mafuta yameliwa kwa kiasi gani. Kwa hesabu hiyo mafuta ya Hoima yangeonekana chakula chepesi. Lakini bakteria hula pale mafuta yanapokutana na maji yenye oksijeni, na mafuta haya yakitoka kwenye tangi lenye joto la nyuzi 50 na kuingia bahari ya nyuzi 27 hayatatandaa kuwa utando mwembamba. Yataganda mabonge, na bonge lina eneo dogo la kuliwa kwa ujazo mkubwa wa ndani. Likisukumwa na maji kujaa hadi kwenye tope la mikoko, ambako oksijeni huisha sentimita chache tu chini ya uso, litakaa muda mrefu licha ya kuwa na minyororo ambayo bakteria wanaipenda. Vifaa vingi vya kukabiliana na mafuta baharini vimeundwa kwa ajili ya kitu kinachoelea na kutiririka. Mpango wa dharura wa Chongoleani unapaswa kuandikwa kwa ajili ya kitu kinachookotwa: nyavu, majembe, mitumbwi, na wavuvi waliofundishwa mapema mahali ambapo mkondo huyapeleka mabonge kusi ikivuma na kaskazi ikivuma.